Kuoanisha Utambulisho wa Wagonjwa kwa Programu Huria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa TEHAMA, wa masjala na wa uongozi ambao wameambiwa "tafuteni mfumo wa kuunganisha rekodi za wagonjwa" na hawajui waanzie wapi. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Ila ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la kosa lipi ni baya zaidi.

Programu hizi zinafanya kazi gani hasa?

Zinajibu swali moja: rekodi iliyopo hapa na ile iliyopo kule ni za mtu yuleyule? Mama anahudhuria kliniki ya wajawazito katika kituo kimoja, anajifungulia hospitali nyingine, na vipimo vyake vinafanyika maabara ya tatu. Kila mahali kapewa namba ya faili ya hapohapo. Sajili kuu ya wagonjwa hupokea taarifa za utambulisho kutoka mifumo yote mitatu (jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, simu, makazi, namba za vitambulisho), huzilinganisha, kisha huweka kumbukumbu kwamba namba hizi tatu ni za mtu mmoja.

Majibu ya vipimo na orodha ya dawa havikai humo. Vinabaki kwenye mifumo ya matibabu, na sajili inaieleza mifumo hiyo faili zipi zisomwe pamoja.

Kila mtu akiwa na namba moja ya kitaifa, si tatizo limekwisha?

Limepungua. Denmark imekuwa na namba ya mtu mmoja mmoja tangu 1968, na kazi ya kuoanisha rekodi kule ni nyepesi kuliko sehemu nyingi duniani. Uingereza ina namba ya NHS (huduma ya afya ya taifa) yenye tarakimu 10, ambapo ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile tisa za mwanzo ili karani akikosea tarakimu moja mfumo umkatalie palepale. Marekani ilikwenda njia nyingine: sheria ya HIPAA ya 1996 ilitaka kila mgonjwa awe na namba, lakini tangu bajeti ya mwaka wa fedha 1999 Bunge limezuia fedha za serikali zisitumike kuiweka.

Hata penye namba, kuna majeruhi aliyeletwa hajitambui, mtoto aliyezaliwa dakika kumi zilizopita, mgeni kutoka nchi nyingine, na mtu aliyeazima kadi ya bima ya ndugu yake. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu namba yake ni sahihi kabisa, ila si yake. Kwa hiyo namba ichukuliwe kama ushahidi mzito miongoni mwa ushahidi mwingine. Namba ikilingana huku jinsi, mwaka wa kuzaliwa na jina la kwanza vyote vikikataa, programu nzuri haiunganishi kimyakimya. Humpelekea mtu aangalie.

Programu inajuaje kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja?

Kuna njia mbili, na programu nyingi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya kanuni: "namba ya kitambulisho ikilingana na mwaka wa kuzaliwa ukilingana, unganisha." Ni rahisi kuieleza, rahisi kuikagua, na huvunjika mara data inapochafuka.

Ya pili ni ya uwezekano. Howard Newcombe na wenzake waliionyesha mwaka 1959, kisha Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaiwekea msingi wa hisabati mwaka 1969. Zaidi ya nusu karne baadaye, programu nyingi za fani hii bado zinasimama juu ya makala yao hiyo. Wazo lenyewe ni hili: kila taarifa inapolingana, jiulize maswali mawili. Kama kweli ni mtu mmoja, taarifa hii ingelingana kwa uwezekano gani? Na kama ni watu wawili tofauti, ingelingana kwa bahati tu kwa uwezekano gani? Gawanya la kwanza kwa la pili, chukua logi ya msingi wa 2, hapo umepata uzito wa taarifa hiyo.

Tuchukue jinsi. Rekodi mbili za mtu mmoja hulingana jinsi karibu kila mara, tuseme 0.98. Watu wawili wowote hulingana nusu ya mara, 0.5. Uzito ni kama 1, kwa hiyo kulingana jinsi hakusemi mengi. Ila kutolingana kunasema: 0.02 kwa 0.5 inatoa kama −4.6. Sasa tarehe kamili ya kuzaliwa. Ikiwa watu wawili wasiohusiana hulingana tarehe mara moja katika 20,000, na rekodi za mtu mmoja hulingana 0.9, uzito ni kama 14. Majina yana mizani yake pia. Jina lililobebwa na asilimia 5 ya waliosajiliwa huleta kama 4, na jina la mtu mmoja katika 10,000 huleta kama 13. Jumlisha uzito wote, ulinganishe na vizingiti viwili: juu ya cha juu, unganisha; chini ya cha chini, achana nazo; katikati, mpe mtu aamue.

Hapa pana mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha katika nyaraka za programu. Penye watu wengi wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa, makarani hujaza 1 Januari. Ikiwa rekodi moja katika kumi ina tarehe hiyo, basi kulingana kwa "1 Januari 1980" si ushahidi wa 14 tena. Huporomoka hadi kama 9. Programu iliyoachwa na mipangilio ya kiwandani hailijui hilo, nayo itaunganisha watu wazima wa rika moja kwa ujasiri wa kutisha. Kabla ya kufunga chochote, hesabu idadi ya 1 Januari kwenye hifadhidata yako. Hesabu pia simu zilizoandikwa 0000000000, na "Mtoto wa" kwenye sehemu ya jina la kwanza.

Kwa nini isilinganishe tu kila rekodi na kila rekodi?

Kwa sababu ya hesabu. Rekodi milioni 1 zina jozi karibu bilioni 500. Kwa kasi ya jozi milioni moja kwa sekunde, hizo ni karibu siku sita za kazi mfululizo, na kesho yake wagonjwa wapya wanaingia.

Kwa hiyo rekodi hugawanywa kwanza katika makundi, mathalani wenye mwaka mmoja wa kuzaliwa na jina la ukoo linalosikika sawa, kisha ulinganishi hufanyika ndani ya kundi tu. Jozi ambayo haikukutana katika kundi lolote haitaonekana kamwe, hata uzito wake ungekuwa mkubwa kiasi gani. Ndiyo maana hugawanywa kwa vigezo kadhaa tofauti, mzunguko baada ya mzunguko: aliyekosewa mwaka wa kuzaliwa anaswe kwa simu, na aliyebadili simu anaswe kwa jina la mama.

Majina kwetu huandikwa jinsi karani alivyosikia. Soundex inatosha?

Haitoshi. Soundex, kanuni ya kuyapa msimbo mmoja majina yanayosikika sawa, ilipewa hataza mwaka 1918 nchini Marekani, na ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza. Huacha herufi ya kwanza ilivyo, hutupa irabu, na kuyageuza makundi ya konsonanti kuwa tarakimu. Kwa baadhi ya majina inafanya kazi vizuri: Mohamed na Muhammad yote hutoka M530, Salim na Salimu yote S450.

Tatizo linaanzia herufi ya kwanza. Halima ni H450 na Alima ni A450. Khadija ni K320 na Hadija ni H320. Rukia ni R200, Lukia ni L200. Katikati ya jina mambo si mazuri pia, kwa kuwa L na R zina tarakimu tofauti, hivyo Marita na Malita hawakutani kamwe. Ukigawanya makundi kwa Soundex pekee, hao wote wamepotea kabla ulinganishi haujaanza.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, safisha majina kabla ya kuyageuza: tupa "kh" na "h" za mwanzo, geuza kila R kuwa L, ondoa irabu ya mwisho iliyoongezwa, ondoa "Bi", "Mzee" na "Dkt" yaliyoingizwa kwenye sehemu ya jina. Hii ni mistari michache ya msimbo, na kwa maoni yangu inaleta faida kuliko kubadilisha algoridhimu nzima. Pili, tumia kipimo cha kufanana kwa herufi pembeni ya kile cha sauti. Levenshtein huhesabu herufi ngapi zibadilishwe. Khadija na Hadija zinatofautiana kwa moja. Jaro-Winkler hutoa alama kati ya 0 na 1. Majina hayohayo hupata kama 0.95.

Kuna pia majina yanayobadilishana nafasi: la baba kukaa penye la ukoo, la kwanza kuandikwa mwisho. Linganisha majina yote ya mtu kama fungu moja, usibanane na nafasi zake. Na Yusuf aliyejiandikisha Joseph kituo kingine hatanaswa na kipimo chochote cha herufi. Huyo anahitaji jedwali la majina mbadala, na jedwali hilo linatengenezwa na watu wanaoyajua majina ya mahali pao.

Mapacha je?

Hassan na Hussein: tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, simu moja, nyumba moja. Soundex ya yote mawili ni H250. Programu inayoamini sauti ya jina itawafanya mtu mmoja, na dozi ya chanjo ya mmoja itahesabiwa kwa mwingine. Jaro-Winkler huwapa kama 0.77, inayotosha kuwatenganisha kama kizingiti cha jina la kwanza kimewekwa juu ya hapo.

Weka kanuni maalumu: watoto wenye tarehe moja na mama mmoja wasiunganishwe bila jina la kwanza kulingana barabara au mtu kuthibitisha. FHIR, kiwango cha kubadilishana data za afya kati ya mifumo, ina sehemu ya kuonyesha kwamba mgonjwa ni wa uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja na ni wa ngapi kuzaliwa. Wengi huiacha tupu. Ijazwe.

Kosa lipi ni baya zaidi: kuunganisha watu wawili, au kumwacha mtu mmoja na rekodi mbili?

Kuunganisha watu wawili, na wala si karibu.

Mtu mwenye rekodi mbili hupimwa upya, huulizwa historia yake tena, huchelewa. Ni hasara, na wakati mwingine ni hatari, mathalani mzio wa penisilini ukiwa umeandikwa kwenye rekodi isiyoonekana. Lakini daktari anayeona rekodi yenye mapengo huuliza. Anayeona rekodi iliyojaa huiamini. Kundi la damu la mtu mwingine likiwa limekaa pale kwa jina sahihi, hakuna kinachomshtua.

Kosa hili pia huzaliana. Rekodi A imefanana na B kwa simu, B imefanana na C kwa jina na kijiji, basi mfumo unawaweka A, B na C kapu moja ingawa A na C hawana hata kimoja kinacholingana. Simu ya mzazi mmoja iliyotumika kusajili watoto watano inatosha kuanzisha mnyororo huo.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza anayekuonyesha programu yoyote ni: mkiunganisha kimakosa, mnatenguaje? Jibu zuri ni kwamba rekodi za asili hazikuguswa. Kila kituo kina rekodi yake na namba yake; juu yake ipo rekodi kuu, na kati yao kuna kiungo tu. Kutengua ni kukata kiungo, na kila kitu kilichoandikwa baadaye kinajulikana kiliingia kupitia namba ipi. Jibu baya ni kwamba rekodi mbili ziliyeyushwa kuwa moja na ya pili ikafutwa. Hapo utakaa na mafaili ya karatasi ukijaribu kukumbuka kipimo cha mwezi jana kilikuwa cha nani. HL7 toleo la 2, kiwango cha zamani cha ujumbe kati ya mifumo ya afya, lina ujumbe tofauti kwa kila tendo: A24 kuunganisha kwa kiungo, A37 kukata kiungo, A40 kuyeyusha. Uliza programu inaelewa upi. Ikijua A40 tu, mimi ningeondoka.

Na uliza kama baada ya kutengua programu inakumbuka. Zipo ambazo usiku unaofuata huziunganisha tena, kwa kuwa alama bado ziko juu ya kizingiti.

Nani anaamua zile za katikati?

Watu wa masjala, wakiwa na muda uliotengwa kwa kazi hiyo. Skrini yao huonyesha rekodi mbili ubavu kwa ubavu: Asha Juma Selemani, 12/03/1987, simu inaishia 418; na Asha J. Suleiman, 03/12/1987, simu inaishia 418. Tofauti zimepakwa rangi. Jicho lililozoea huona papo hapo kwamba siku na mwezi vimepinduliwa na jina la ukoo ni lilelile. Anabonyeza "mtu mmoja", anaandika sababu, anaendelea.

Hesabu foleni kabla ya kuweka vizingiti. Kama watu wako wawili wanaweza kupitia jozi 200 kwa siku na mipangilio yako inazalisha 900, foleni itakua hadi mtu achoke na kubonyeza "ndiyo" bila kusoma. Afadhali kizingiti cha chini kipandishwe, jozi dhaifu zibaki bila kuunganishwa, kuliko kuajiri uchovu.

Programu zipi zipo, na nichague ipi?

OpenCR ilitengenezwa na IntraHealth International ndani ya OpenHIE, jumuiya ya kuunganisha mifumo ya afya kwa programu huria. Hutunza rekodi kwenye HAPI FHIR, seva huria ya data za FHIR, na kulinganisha kwa Elasticsearch, injini ya utafutaji. Kanuni zake zimo kwenye faili la JSON unaloweza kulisoma na kulibadilisha. JeMPI ni ya Jembi Health Systems ya Afrika Kusini, imeandikwa kwa Java na hupitisha kazi kwa Kafka, mfumo wa kusafirisha ujumbe kati ya programu. SanteMPI imo katika familia ya SanteSuite, imeandikwa kwa C#. OpenEMPI ni ya Java pia, na ni ya siku nyingi zaidi.

HAPI FHIR yenyewe ina moduli ya rekodi kuu inayogawa matokeo kuwa yamelingana, huenda yamelingana, na hayakulingana. Kama tayari unaendesha HAPI, anza hapo kabla ya kuleta mfumo mwingine.

Splink, iliyotoka Wizara ya Sheria ya Uingereza, ni jamii tofauti. Ni maktaba ya Python ya kupitia data kwa mkupuo, na waandishi wake wanasema inaweza kuoanisha rekodi milioni moja kwenye kompyuta mpakato kwa takriban dakika moja. Haitakaa mapokezi ikijibu maombi ya papo hapo, lakini kwa kusafisha mrundikano wa zamani, na kwa kujifunza uzito wa data yako, sijaona kilicho rahisi zaidi.

Kuchagua? Angalia lugha ambayo mafundi wako wanaijua, angalia mabadiliko ya mwisho ya msimbo yaliingia lini, na angalia kama maswali ya watumiaji yanajibiwa. Orodha ndefu ya vipengele haitakusaidia usiku seva ikizima.

Itaongeaje na mifumo tuliyonayo?

Kwa mifumo mipya, kupitia FHIR: mfumo wa hospitali hutuma taarifa za mgonjwa kwa wito wa $match na kurudishiwa wanaofanana pamoja na alama zao. Kwa mifumo ya zamani, ujumbe wa HL7 toleo la 2 kwa utaratibu wa PIX (kuoanisha namba za mgonjwa) na PDQ (kumtafuta mgonjwa kwa taarifa zake) wa IHE, jumuiya ya viwango vya mifumo ya afya. Katika mpangilio wa OpenHIE, katikati hukaa tabaka la kuunganisha mifumo, mara nyingi OpenHIM, ili hospitali isilazimike kujua sajili imeandikwa na nani.

Huria maana yake bure?

Leseni ni bure. Seva, nakala rudufu, mafunzo, na mishahara ya watu wa foleni si bure, na hivyo ndivyo vinavyokula bajeti.

Soma pia leseni za vilivyomo ndani. Mwaka 2021 Elasticsearch ilitoka kwenye leseni huria ya Apache 2.0, Amazon ikaanzisha tawi la OpenSearch; mwaka 2024 Elastic, kampuni inayoimiliki, ikaongeza chaguo la AGPL, leseni nyingine huria. Anayeiendesha ndani ya wizara hakuguswa sana, ila aliyekuwa anaiuza kama huduma ilibidi asome upya.

Msimbo ukiwa wazi kwa kila mtu, data za wagonjwa ziko salama?

Msimbo wazi hauonyeshi data. Hatari halisi ni kwamba sajili moja imekusanya majina, simu na makazi ya watu wote, na hata bila majibu ya vipimo, kujua kwamba fulani ana namba kwenye kliniki fulani kunatosha kumuumiza. Kila utafutaji uandikwe: nani, lini, alimtafuta nani. Mawasiliano yasimbwe, na nywila za kiwandani zibadilishwe siku ileile ya kufunga.

Zipo mbinu za kuoanisha bila kufichuliana majina. Iliyo maarufu ilipendekezwa na Rainer Schnell na wenzake mwaka 2009: jina hukatwa vipande vya herufi mbili mbili na kugeuzwa kuwa mfululizo wa 0 na 1, na mifuatano ndiyo inayolinganishwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mifuatano hiyo ikiundwa kizembe, majina yanayojirudia sana yanaweza kufumbuliwa. Itumie ukiwa na mtu anayeielewa.

Alama za vidole hazitamaliza yote haya?

Husaidia sana kwa mtu mzima aliyepo mbele yako. Kwa mtoto mchanga na kwa mtu ambaye kazi za mikono zimemfuta ncha za vidole, ni shida, na rekodi za miaka iliyopita hazina alama hizo kabisa. Nywila ikivuja utabadilisha, kidole hutabadilisha.

Tutajuaje inafanya kazi?

Kwa namba mbili, na zote mbili lazima ziwepo. Tuseme programu imeunganisha jozi 1,000, na ukaguzi umeonyesha 980 ni za kweli: usahihi ni asilimia 98. Lakini kama jozi za kweli zilikuwa 1,400, imezifikia asilimia 70 tu. Muuzaji atakutajia ya kwanza. Jozi za kweli utazipata kwa kuchukua sampuli na kuipitia kwa mikono, watu wawili kila mmoja peke yake, kisha wajadili walipotofautiana.

Data bandia, kama ile ya Synthea (programu ya kutunga wagonjwa wasiokuwepo), inafaa kujaribu mitambo. Usiitumie kuweka vizingiti, maana majina yake ya kawaida ni ya Marekani na hayana makosa ya makarani wako.

Tukihamia programu nyingine baadaye, kazi yote inapotea?

Vizingiti na kanuni utaziandika upya. Viungo vinahamishika iwapo viko kwenye umbo la FHIR. Ila kilicho ghali kuliko vyote ni maamuzi ya watu wa masjala: kila jozi waliyoithibitisha au kuikataa, pamoja na sababu. Hayo ndiyo utakayopimia programu mpya. Kabla ya kusaini chochote, omba uonyeshwe faili la maamuzi hayo likitolewa nje ya mfumo na kufunguka kwenye jedwali la kawaida.